Mellah ya Fes: Mtaa wa Mayahudi Ubavuni mwa Kasri

Mwenye kuzuru Fes, Moroko, aghalabu huishia mji wa kale, karibu na msikiti wa Qarawiyyin. Akivuka hadi Fes al-Jadid ataikuta Mellah, mtaa wa Mayahudi, jirani na kasri la mfalme. Jina hilo latokana na neno la Kiarabu la chumvi. Nyumba zina roshani za mbao zinazotazama njiani, ilhali nyumba za Waislamu wa Fes hutazama uani.

Wengi hudhani sharia ndiyo iliyowatenga. Sivyo. Kwa karne nyingi Mayahudi walikaa kati ya Waislamu. Kuhamishwa kwao mwaka 1438, zama za Bani Marin, kulikuwa amri ya watawala. Mafakihi walichosema ni dhima: wao watoe jizya, nasi tulinde damu na mali zao. Imam Bukhari amepokea Hadithi inayomtisha kwa kukosa Pepo mwenye kumuua aliyepewa ahadi. Na bado mwaka 1465 waliuawa wengi, katika ghasia zilizomng'oa Sultani Abdul-Haqq. Aprili 1912 mtaa uliporwa tena. Safari hii Sultani Abdul-Hafidh aliwafungulia kasri, wakajihifadhi katika bustani yake ya wanyama.

Je, yajuzu kuingia sinagogi la Ibn Danan, la karne ya 17? Ibn Qudama, katika al-Mughni, hakuona ubaya kuingia nyumba za ibada za Ahlul-Kitab. Waliochukia walitazama zaidi penye sanamu, na sinagogi halina sanamu.