Kipande Kidogo cha Nyama ya Pafu

Watu wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, wajua kwamba jicho peke yake haliwezi kupima maji. Rangi ya maji kama ya chai ndiyo iliyopapa mahali pale jina. Lakini floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, haionekani kwa macho. Sharti maji yapimwe. Ndivyo ilivyo na uvimbe ulio ndani ya pafu.

Mtu akikohoa siku nyingi, akakonda na kutema damu, wengi husema ana kifua kikuu. Pengine ni kweli, na hospitali ya Kibong'oto, upande wa Kilimanjaro, imetibu ugonjwa huo tangu mwaka 1926. Lakini saratani ya pafu huleta dalili zile zile. Picha ya eksirei huonyesha kivuli tu, wala haisemi ni kivuli cha nini. Basi daktari hutoa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe.

Kipande hicho hutiwa katika dawa kisioze, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa chembamba kuliko unywele, kisha hutiwa rangi. Ndipo mtaalamu hukitazama kwa hadubini, chombo kikuzacho vitu vidogo sana. Je, huona nini?

Kwanza, hutazama mpango wa chembe za mwili. Katika pafu zima, chembe hujipanga vizuri kama mibuni katika shamba lililotunzwa. Saratani ambayo chembe zake zingali zashika mpango huo kwa kawaida hukua polepole. Zikiwa zimerundikana ovyo, hatari ni kubwa zaidi. Iko na saratani ya chembe ndogo, ambayo huenea upesi kuliko nyingine.

Pili, hutafuta askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Zikiwa nyingi ndani ya uvimbe, mara nyingi mgonjwa huishi zaidi.

Tatu, huangalia kama saratani imeingia katika mishipa ya damu au katika tezi. Ikiwa imeingia, yaelekea kusafiri mpaka sehemu nyingine za mwili.

Dalili hizo humsaidia daktari kuchagua tiba: kupasua, dawa au mionzi. Lakini si hukumu. Hueleza yaliyowapata wagonjwa wengi, wala hazihesabu siku za mtu mmoja.

Uvimbe ulio mdogo, usioenea, waweza kukatwa wote, na mgonjwa akaishi miaka mingi. Kwa hiyo kikohozi kikidumu wiki 2, usingoje, nenda zahanati. Na dawa za kifua kikuu zisipoleta nafuu, mgonjwa arudi akapimwe tena. Tena jiepushe na tumbako, maana hiyo ndiyo asili kubwa ya saratani ya pafu duniani.