Je, Mafuta Yaliyobanwa Yaweza Kuitia Nguvu Fremu ya Motokaa?

Huko Marekani upo mchezo ambao mgeni akiuona mara ya kwanza hudhani watu wamerukwa na akili. Motokaa kuukuu kumi, au kumi na tano, au hata ishirini, huingizwa katika kiwanja cha matope kilichozungushiwa magogo au matofali makubwa ya saruji. Bendera ikipungwa, kila dereva huanza kumgonga mwenziwe kwa makusudi. Hakuna anayehesabu mizunguko, wala hakuna mstari wa kumalizia. Motokaa itakayobaki ya mwisho ikienda kwa nguvu zake yenyewe, hiyo ndiyo yenye ushindi.

Mchezo huo, tuuite dabi kama wafanyavyo wenyewe, hupendwa sana katika maonyesho ya kilimo ya wilaya za mashambani. Watu huja na watoto wao kutazama ng'ombe, maboga na jamu za akina mama, na jioni hukaa jukwaani kutazama vyuma vikigongana. Mwaka 1958 Larry Mendelsohn aliuendesha katika kiwanja cha Islip, New York, na wengi humtaja kuwa ndiye aliyeueneza, ingawa michezo ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana kabla yake. Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa mashindano, naye aliona kwamba watazamaji wengi walikuja kwa ajili ya ajali kuliko mbio. Neno hilo si la kumsifu mwanadamu, lakini ni kweli.

Hata katika fujo hiyo pana sheria. Vioo vyote huondolewa. Tangi la petroli huondolewa mahali pake, na petroli kidogo hutiwa katika chombo imara ndani ya motokaa. Milango hufungwa kwa minyororo au kwa kuchomelewa. Kuugonga mlango wa dereva ni mwiko.

Sasa, kitu kinachoamua nani atashinda mara nyingi si injini bali ni fremu, ile ambayo mafundi wetu huiita chasisi. Ndiyo uti wa mgongo wa motokaa. Ikipinda sana, magurudumu hukwama kwenye bati, na dereva amekwisha. Ndiyo sababu motokaa za Imperial za miaka ya 1964 hadi 1966, zilizotengenezwa na Chrysler, zimepigwa marufuku katika viwanja vingi vya dabi. Kosa lao ni kwamba fremu zao zilikuwa ngumu mno, hata zilizishinda nyingine zote.

Basi fundi asiye na Imperial hukaa gerejini akiwaza. Mbele yake pana jeki ya mafuta iliyoinua motokaa nzima kwa mkono wa mtu mmoja. Naye hujiuliza: ikiwa mafuta yaliyobanwa yana nguvu hiyo, kwa nini nisiyafungie ndani ya fremu? Nizibe matundu yote, nijaze mafuta, nipige pampu mpaka fremu ikakamae kama tairi lililojaa upepo. Nani atanipinda?

Wazo hilo si la kuchekwa. Jeki hufanya kazi kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal, kwamba msukumo unaotiwa mahali pamoja katika maji yaliyofungiwa huenea sawasawa pande zote. Ukisukuma kwa kilo 50 juu ya kibomba chenye sentimita moja ya mraba, kibomba cha pili chenye sentimita 20 za mraba kitainua kilo 1,000. Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya uvumbuzi wa mtambo wa namna hiyo mwaka 1795. (Pascal huyo ndiye aliyeguswa na Mungu usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, akaandika mambo yale katika karatasi. Alipofariki mwaka 1662, karatasi hiyo ilikutwa imeshonwa ndani ya nguo yake. Watu wanaosema kwamba sayansi na sala haviwezi kukaa katika kifua kimoja wangefaa kumsoma.)

Tena fundi wetu anao ushahidi mezani. Chukua kopo la soda lililo tupu, ulibane kwa vidole: litabonyea mara moja. Lile ambalo halijafunguliwa hulibonyezi kwa urahisi, maana gesi iliyomo ndani husukuma bati lisikunjamane. Wamarekani waliitumia siri hiyo katika roketi yao ya Atlas, iliyorushwa mara ya kwanza mwaka 1957. Matangi yake yalikuwa ya chuma chembamba ambacho mahali pengine hakikufika unene wa milimita moja. Bila msukumo ndani, roketi hiyo isingeweza hata kusimama. Pamoja na msukumo, ilimchukua John Glenn mpaka angani tarehe 20 Februari 1962. Lakini mwezi wa Mei 1963, huko Vandenberg katika jimbo la California, Atlas moja ilipoteza msukumo wake ikiwa imesimama, ikajikunja na kuanguka papo hapo.

Hapo ndipo fundi ajihadhari. Kopo na roketi ni vitu vya mviringo na vyembamba sana. Fremu ya motokaa ni nene, na zaidi ya hayo ina umbo la sanduku.

Tufanye hesabu kidogo. Mtoto wa shule aweza kutusahihisha. Tuseme fremu ina upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 7 na nusu, na unene wa chuma ni milimita 3. Nafasi ya ndani ni kama sentimita 65 za mraba. Tutie msukumo wa kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba, ambao ni mdogo kuliko ule wa tairi la lori. Ncha za fremu zitasukumwa nje kwa kilo 325 hivi. Chuma chenyewe, ukikata fremu na kuitazama, kina eneo la sentimita 10 za mraba. Kwa hiyo kila sentimita yake inavutwa kwa kilo 32 au 33. Chuma cha kawaida hustahimili kama kilo 2,500 kwa kila sentimita ya mraba kabla ya kuanza kuharibika umbo. Faida tuliyoipata basi ni kama moja kwa mia. Ni kama kumwongezea mchukuzi wa gunia nguvu ya kubeba kibaba kimoja.

Na hasara? Upande ulio bapa haupendi kusukumwa kutoka ndani. Kwa msukumo uleule wa kilo 5, kingo za ule upande mpana zimekwisha kufika kwenye kilo 2,500 na kuzidi kidogo. Yaani fremu itaanza kuvimba kabla haijapata nguvu yoyote ya maana. Maji na mafuta hayajui umbo la sanduku. Siku zote hutaka kulifanya kila bomba kuwa duara.

Haki tuiseme. Fremu iliyojaa mafuta pomoni, hata bila kupigwa pampu, hupata msaada mmoja. Bomba tupu likipindwa hujikunja kama mrija wa mpapai, kuta zake zikaingia ndani. Mafuta hayakubali kupunguzwa ujazo, kwa hiyo huzizuia kuta zisiingie. Lakini katika dabi hatuzungumzi juu ya kupinda polepole. Motokaa yenye uzito wa tani mbili inapoigonga nyingine, msukumo ndani ya fremu hupanda ghafula, na mafuta hutafuta mahali palipo dhaifu: palipochomelewa vibaya, au palipoliwa na kutu. Motokaa ya dabi ni mzee wa miaka mingi, kutu haikosi. Mshono ukipasuka, mafuta hutoka kama moshi juu ya bomba la ekzosti lenye moto. Reli mbili za mita tatu kila moja huchukua karibu lita 40. Mtu amefungwa mkanda ndani, milango imechomelewa.

Hapa niseme jambo linalowahusu mafundi wa huku kwetu pia, hata wale ambao hawataiona dabi maishani, maana jeki, matrekta na malori ya kubinua mchanga tunayo. Mafuta yanayotoka kwa msukumo mkubwa katika kitundu kidogo kama cha sindano huweza kuingia mwilini kupitia ngozi. Jeraha huwa dogo sana. Pengine halitoi damu, wala haliumi sana saa ile ya kwanza, na fundi hulifunga kitambaa akaendelea na kazi. Ndani, mafuta yanauua mkono. Watu wamekatwa vidole na hata mkono mzima kwa sababu walingoja mpaka kesho. Usitafute mahali panapovuja kwa kidole. Tumia kipande cha ubao au boksi. Na ukichomwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, umwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya jeki au ya trekta yaliyoingia kwa msukumo, asije akadhani ni mchubuko tu.

Atakayesema, “Basi nitatia upepo badala ya mafuta,” huyo atakuwa ameongeza ubaya. Mafuta yakipata upenyo hupungukiwa msukumo upesi, kwa kuwa hayakubaniki sana. Upepo uliobanwa huweka akiba kubwa ya nguvu, nao huiachilia yote kwa kishindo.

Wasimamizi wa dabi wamekwisha kuufunga mlango huo. Sheria za viwanja vingi zakataza kujaza kitu chochote ndani ya fremu, iwe saruji, povu au chuma cha ziada, na mkaguzi akishuku huchukua keekee na kutoboa tundu kuchungulia.

Je, msukumo wa maji hauna kazi yoyote katika fremu? Unayo, tena kubwa, lakini kazi hiyo hufanyika kiwandani. Bomba la chuma huwekwa ndani ya kalibu nzito ya vipande viwili, ncha zake huzibwa, kisha maji hutiwa ndani na kubanwa kwa nguvu nyingi sana. Chuma hutanuka mpaka kikalala sawasawa na kuta za kalibu, hata kwenye pembe. Kisha maji humwagwa. Kinachobaki ni reli moja nzima, isiyo na vipande vingi vya kuchomelea, na chuma chake kimekuwa kigumu zaidi kwa kule kutanuliwa, kama vile waya unavyokuwa mkaidi mahali ulipopindwa. Motokaa ya Chevrolet Corvette iliyotoka mwaka 1997 ilikuwa na reli mbili ndefu za kando zilizofanywa hivyo, na baadaye fremu za malori madogo ya Marekani zikafuata.

Lakini fundi wetu wa gerejini alikuwa na swali lingine ambalo hakulijua. Tuseme apate fremu isiyopinda kabisa. Kipigo kitakwenda wapi? Motokaa iendayo kilometa 30 kwa saa ikigonga ukuta na pua yake ikakunjika nusu mita, mwili wa dereva husukumwa kwa nguvu kama mara 7 ya uzito wake. Ikikunjika sentimita 10 tu, ni mara 35. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5. Kwa hesabu hiyo shingo ileile yabeba kilo 35, au kilo 175. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, aliiona siri hiyo mapema, na mwaka 1951 aliomba hati ya uvumbuzi wa motokaa yenye chumba kigumu cha watu katikati, na pua na mkia vinavyokubali kukunjika. Motokaa ya kwanza ya kiwanda hicho kutengenezwa kwa mpango huo ilitoka mwaka 1959.

Nao mafundi wazoefu wa dabi wamefika mahali palepale kwa njia ya nyundo. Hawajitahidi kuufanya mkia uwe mgumu. Hukata alama katika fremu nyuma ya magurudumu, ili mkia ukigongwa ujikunje kwenda juu na usiyaguse matairi. Kisha dereva huingia uwanjani kinyumenyume na kugonga kwa mkia, rejeta yake ikiwa salama mbele. Jioni ikiisha, motokaa iliyoshinda huwa fupi kuliko ilivyokuja, mkia wake umesimama kama wa jogoo, na mwenyewe hutokea dirishani akitafuta watoto wake jukwaani.