Chanjo ya Rubela na Mama Mjamzito: Ufafanuzi kwa Wananchi

Wananchi na watumishi wa Serikali, Unguja na Pemba, wanapewa ufafanuzi ufuatao juu ya suala linalowatia hofu akina mama wengi: mwanamke akichanjwa rubela naye hajatambua kuwa ana mimba, je, mtoto aliyemo tumboni yumo hatarini?

Rubela kwa kawaida ni maradhi mepesi: homa ndogo, vipele vya siku chache na kuvimba tezi za shingo. Hatari yake ni kwa mimba changa. Virusi vikimpata mama katika miezi mitatu ya mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au na mtoto wa jicho, au na kasoro ya moyo, na mimba nyengine huharibika. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliubainisha uhusiano huo mwaka 1941. Mlipuko wa Marekani wa 1964 na 1965 uliacha watoto wapatao 20,000 wenye kasoro hizo.

Chanjo ya rubela hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa sababu hiyo, na kwa tahadhari tu, mjamzito hachanjwi, na mwanamke aliyechanjwa hushauriwa asishike mimba kwa muda wa mwezi mmoja.

Hata hivyo, tahadhari si ushahidi wa madhara. Marekani, kati ya 1971 na 1989, walifuatiliwa wanawake 321 wasiokuwa na kinga, ambao walichanjwa karibu na wakati wa kushika mimba na wakaibeba hadi kujifungua. Hakuna hata mtoto mmoja aliyezaliwa na kasoro za rubela. Ufuatiliaji uliofanywa baadaye Brazil, Costa Rica na Iran, baada ya kampeni kubwa za chanjo, nao haukupata mtoto aliyedhurika hivyo.

Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Mwanamke aliyechanjwa bila ya kujua kuwa ni mjamzito asiingiwe na hofu. Aendelee na kliniki yake kama kawaida na amweleze mkunga tarehe aliyochanjwa. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kuwa jambo hilo si sababu ya kutoa mimba.

(b) Mjamzito asiye na kinga ashauriane na daktari juu ya kuchanjwa baada ya kujifungua. Kunyonyesha si kizuizi.

(c) Mtoto aliyechanjwa hamwambukizi mama yake mjamzito. Mzazi asimcheleweshe mtoto kwa sababu hiyo.

(d) Mjamzito aliyekaa karibu na mgonjwa mwenye homa na vipele afike kituo cha afya mapema.

Tangu 2014 chanjo ya surua na rubela hutolewa kwa watoto nchini Tanzania. Kila mtoto anayechanjwa humkinga pia mjamzito anayeishi jirani naye. Wazazi wanaombwa kuwapeleka watoto wao kwa wakati.