Watani wawili, vilima vya Nyarugusu na radi ya saa saba

WIKI ya kalenda ya FIFA huwa ndefu kuliko nyingine. Ligi Kuu imesimama, mabanda umiza yanaonyesha filamu, na shabiki amebaki na simu yake akirudia mabao ya zamani. Novemba kwenye ukanda wa dhahabu wa Geita kuna la ziada: mvua za vuli zimeshika na uwanja wa mtaa umegeuka bwawa. Hata ndondo haichezeki.

Chukua sasa marafiki wawili wa Nyarugusu, mmoja Simba, mwingine Yanga. Wanacheza timu moja ya mtaa: wa Simba beki wa kati, wa Yanga winga. Jumapili wanakubaliana kwamba uwanja ukikataa, miguu itapata kazi vilimani. Kupanda kimoja, kushuka, kupanda cha pili, nyumbani kabla ya jua kuzama. Saa moja asubuhi wanatoka na chupa mbili za maji na mihogo ya kuchemsha. Manyunyu yameshaanza.

Kosa la kwanza liko miguuni. Winga amevaa njumu, akiamini kilichoundwa kwa ajili ya majani mabichi kitafaa kwenye tope. Kinafaa kwa hatua 20 hivi. Baada ya hapo udongo mwekundu unajaza nafasi kati ya meno, na njumu inakuwa sahani. Akikanyaga mwamba ndio kabisa, anateleza kama yuko kwenye sabuni. Beki amekuja na gambuti za kuoshea dhahabu mwaloni. Zinashika vizuri, ila zikiingia maji zinakuwa ndoo mbili za kubeba. Raba kuukuu yenye meno makubwa, iliyofungwa kamba hadi juu, ingewafaa wote wawili. Na fimbo.

Fimbo si ya uzee. Huku ni nchi ya wachimbaji wadogo, na maduara yaliyoachwa hayana uzio wala kibao. Kiangazi shimo linaonekana. Mvua ikinyesha linajaa maji na kufanana na dimbwi la kawaida, majani yameliziba kingo, na kingo zenyewe zimelowa kiasi cha kubomoka chini ya mguu. Kwa hiyo sheria ni moja: dimbwi usilolijua hulikanyagi, unalizunguka kwa mbali. Wa mbele anapima kwa fimbo, wa nyuma anakanyaga alipokanyaga mwenzake. Beki anatangulia. Kwa mara moja winga anakubali kubaki nyuma.

Pumzi ikiruhusu, mdomo haufungwi. Ubishi wa Geita unajulikana: msimu wa 2021/22. Yanga ilibeba ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, lakini kiatu cha mfungaji bora kikaenda kwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17, Fiston Mayele akiishia 16. Beki wa Simba analirudia hilo kila hatua ya tatu.

“Bao moja tu, kaka! Mmeshindwa na sisi wa machimboni.”

“Na hiyo Geita yenu iko wapi leo?”

Hapo beki ananyamaza. Geita Gold ilishuka daraja mwaka 2024, na jeraha hilo mkoani halijapoa.

Saa saba mchana wako juu ya kilima cha kwanza. Mawingu yamekuwa meusi, upepo umegeuka ghafla na kuwa wa baridi. Kilima cha pili kiko pale pale, bonde moja tu katikati. Winga anataka wamalize. Amekuja kufunga mawili, hawezi kurudi na moja. Ndipo mwanga unapiga, na beki anaanza kuhesabu. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ngurumo inafika kwenye hesabu ya tisa. Kilomita tatu.

Mtu wa kanda hii hahitaji kuelezwa zaidi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi mara nyingi zaidi duniani. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoa huu huu wa Geita, nao walikuwa shuleni, si mlimani. Wapenzi wa soka wa zamani wanakumbuka pia habari ya Oktoba 1998 kutoka Kasai, Congo, iliyosema wachezaji 11 wa timu moja walikufa kwa radi katikati ya mechi. Nyumba isiyo na kinga ya radi si ngome, lakini kileleni ni pabaya kuliko pote.

“Tunashuka,” anasema beki.

“Dakika kumi tu, kaka.”

“Tunashuka.”

Wanashuka. Hawakimbilii mti uliosimama peke yake, na hawaendi bega kwa bega: wanaachana kama hatua 20, ili radi ikimpata mmoja, mwingine abaki wa kumsaidia. Kwa watani waliotoka wamekumbatiana, ni mwendo wa ajabu. Winga anaanguka mara tatu, mara ya mwisho anashuka kwa makalio hadi kichakani. Wakifika nyumba za kwanza wanakaa ndani. Kanuni ya viwanjani ni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha saa upya. Siku hiyo saa inaanzishwa upya mara nne.

Bili inaletwa Jumanne. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, kwa sababu msuli unafanya kazi ya breki huku unavutwa, na maumivu hukolea kati ya saa 24 na 72 baadaye. Kocha wa mtaa anayetaka kupeleka vijana vilimani Ijumaa ili wacheze Jumapili, afikirie tena. Winga anapita kwenye kibanda cha chai akitembea kama bata, tope bado liko kwenye kamba za njumu.

Beki anamsubiri pale, ameshaagiza chai mbili.

“Mabao mangapi, Mayele?”

“Kaa kimya, kaka. Kumi na sita.”