Lango Kwanza, Gari Baadaye

Mtu akisema anataka kwenda Serengeti, swali la kwanza analoulizwa na wenzake ni bei. La pili ni gari. Yote mawili yana maana, ila yamekuja mapema. Hifadhi hii ina kilomita za mraba 14,763, na wanyama wake wengi hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi uleule mgeni mmoja anakwama barabarani akisubiri nyumbu wamalize kupita, na mwingine, kilomita mia moja kaskazini yake, anazunguka asubuhi nzima na kurudi na picha za swala wawili na kanga. Wote wamelipa kiingilio kilekile.

Kwa hiyo tunaanza na mwezi. Mwezi unachagua upande wa hifadhi, upande unachagua lango, na lango ndilo linaloamua ulale mji gani, upande gari gani na utoe shilingi ngapi.

Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja, na wanafuatana na pundamilia na swala tomi kwa malaki. Wanachokifuata ni majani mabichi na maji, basi. Kuanzia Desemba hadi Machi huwa kwenye nyanda za kusini, kuanzia chini ya kilima cha Naabi hadi Ndutu. Ukizitazama nyanda hizo utashangaa wanafuata nini: majani mafupi, hata kifundo cha mguu hayafiki, na miti hakuna. Siri iko kwenye udongo. Ni majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao hadi leo haujazima. Majani yanayoota juu ya majivu hayo yana kalsiamu na fosforasi nyingi, na nyumbu mwenye mimba au anayenyonyesha anavihitaji. Ndiyo maana wanazalia huko, wengi wao mwezi wa Februari, laki kadhaa za ndama ndani ya wiki chache. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na kuanza kumfuata mama yake akiwa bado amelowa. Simba na fisi hula mpaka washibe, na ndama bado wamebaki; kuzaa kwa pamoja ndiko kunakowaokoa.

Kama nyanda hizo ni nzuri hivyo, kwa nini wanahama? Kwa sababu hazina maji ya kudumu. Masika ikielekea kuisha, madimbwi yanakauka na makundi yanapanda kuelekea katikati na magharibi. Juni huwa maeneo ya Mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini, Kogatende, wakivuka na kuvuka tena Mto Mara ule unaoonyeshwa kwenye televisheni. Vuli ikianza, Novemba, wanageuka kurudi kusini. Mvua ikichelewa nao wanachelewa, kwa hiyo anayekuuzia tarehe kamili ya nyumbu kuvuka mto anakuuzia bahati nasibu.

Anayefuata simba, chui na tembo hana shida hiyo. Seronera, katikati ya hifadhi, ina mto usiokauka kabisa na wanyama wake ni wakazi. Chui wa Seronera hulala juu ya migunga na miegea kandokando ya mto, na mara nyingi kinachomfichua ni mkia unaoning'inia. Mwezi wowote unafaa.

Sasa malango. Wageni wengi huingilia Naabi, wakitokea Arusha kwa njia ya Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu. Kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, na si safari ya kuanza baada ya chai ya saa tatu. Lakini kinachowashangaza wengi ni malipo. Kabla ya kufika Serengeti unapita lango la Lodoare, na hapo unalipa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ukifika Naabi unalipa tena, safari hii TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Watu hunung'unika hapo kana kwamba wameibiwa. Si wizi, ni historia. Serengeti ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Mwaka 1959 ikagawanywa: Wamasai waliokuwa wakiishi nyanda za Serengeti walihamishwa, na Ngorongoro ikawa eneo la mseto, ambako wafugaji na wanyamapori wangeishi pamoja chini ya mamlaka yake yenyewe. Mpaka ule wa 1959 ndio unaoulipia. Na haufuati nyumbu: sehemu kubwa ya Ndutu iko upande wa Ngorongoro, kwa hiyo anayekwenda kuona ndama Februari anahitaji kibali cha Ngorongoro hata kama tangazo lake limeandikwa Serengeti kwa herufi kubwa. Uliza kabla hujatuma hela.

Yapo pia mabasi ya Arusha kwenda Musoma yanayokatiza humo humo. Abiria hulipa viingilio vya hifadhi zote mbili juu ya nauli, na dereva hasimami kwa ajili ya chui wako. Kama lengo ni kufika Musoma, sawa.

Lango ninalotaka usome kwa makini ni Ndabaka. Liko magharibi, kando ya barabara ya lami ya Mwanza kwenda Musoma, kama kilomita 140 kutoka Mwanza, jirani na mji mdogo wa Lamadi. Ziwa Victoria liko upande mmoja wa barabara, hifadhi upande wa pili. Huhitaji kupita Ngorongoro, kwa hiyo unalipa mara moja. Kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa, kuzunguka hadi Arusha ili kuingia Serengeti ni kuvuka mto kwenda kuchota maji. Hata mtu wa Dar es Salaam anayeruka kwa ndege hadi Mwanza na kukodi gari hapo anapaswa kupiga hesabu upya kabla ya kukubali kifurushi cha kaskazini.

Ndabaka ina kasoro yake, nayo ni udongo. Ukishaingia unakuta tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi umekauka na kupasuka nyufa za kuingia kiganja, na hata Noah inapita polepole bila neno. Mvua ya saa moja ikinyesha, udongo uleule unanasa kwenye tairi, unajaza mianya yote ya kashata mpaka tairi linakuwa laini kama mche wa sabuni, kisha gari linateleza upande bila kusikiliza usukani. Hapo hata Land Cruiser inaomba msaada. Machi, Aprili na Mei usiingilie Ndabaka bila gari la magurudumu yote manne na dereva anayeijua njia. Juni na kuendelea ndipo panapokauka.

Sasa saa, jambo ambalo wapangaji wengi hulidharau. Kibali cha Serengeti huhesabiwa saa 24 tangu unapoingia. Ukiingia Jumamosi saa mbili asubuhi, Jumapili saa mbili asubuhi unatakiwa uwe umetoka, maana yake umelipoteza pambazuko, saa ambazo simba bado wanatembea. Ukiingia saa sita mchana, unapata jioni moja kamili na asubuhi moja kamili kwa hela ileile. Joto la adhuhuri, wanyama wakiwa wamelala kivulini, unalitumia kwa kusafiri. Lakini usizidishe kuchelewa: ukijitokeza getini saa kumi jioni imepita unaweza kuambiwa urudi kesho, na kuendesha usiku ndani ya hifadhi ni marufuku. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na kwenye vumbi lenye makorongo hutafika huko.

Tuliweke pamoja. Familia inatoka Mwanza Jumamosi asubuhi, inajaza mafuta na kununua maji Lamadi, inaingia Ndabaka saa sita. Ikitaka kwenda Seronera na kurudi Ndabaka kwa kibali kimoja, hesabu inakataa: ni mwendo wa saa kadhaa kila upande, na kesho yake asubuhi yote itaishia barabarani. Ziko njia mbili za akili. Ya kwanza ni kutofika Seronera kabisa: mnabaki magharibi, Kirawira, mnatazama viboko na mamba wa Grumeti bila haraka, mnatoka mlikoingilia. Ya pili ni kuingilia Ndabaka, kulala Seronera, asubuhi kuzunguka hapo hadi saa nne, kisha kutokea lango la Ikoma, ambalo liko karibu zaidi na Seronera, na kurudi lami kwa kupitia Nata na Bunda. Mimi ningechagua ya pili. Hutarudia njia, na ukiwa na nafasi, Butiama haiko mbali na hapo. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyoko huko watoto watayakumbuka kuliko pundamilia wa arobaini.

Gharama za kiingilio zenyewe haziogopeshi. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, raia wa Afrika Mashariki mtu mzima hulipa shilingi 11,800 pamoja na VAT, na mtoto wa miaka 5 hadi 15 shilingi 2,360. Wazazi wawili na watoto wawili ni 28,320, bila gari na malazi. Hakiki viwango kabla ya kuondoka, beba vitambulisho, maana bila hivyo bei ya raia haipo, na usitegemee fedha taslimu: getini unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki. Basi hakikisha salio liko kwenye simu kabla mtandao haujaanza kusuasua. Kinachokula hela ni gari na kitanda. Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi na Nyani, ndizo nafuu kwa mwenye hema. Hazina uzio, na usiku fisi hupita kati ya mahema, kwa hiyo chakula kisibaki nje.

Mkenya anayesoma hapa ameshaiona Maasai Mara kwenye ramani, imegusana na Serengeti, na anauliza kwa nini asivuke tu Mto Sand. Njia hiyo ya watalii ilifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, na haijafunguliwa tena. Pita Isebania na Sirari, ushuke Tarime hadi Bunda na Ndabaka. Gari lenye namba za Kenya hulipa ada kubwa zaidi, kwa dola. Mara nyingi ni nafuu kuliacha na kukodi la Tanzania.

Na mwezi? Kwa familia inayoingilia Ndabaka jibu ni Juni. Shule zimefungwa, udongo umekauka, na nyumbu wenyewe wako Grumeti, upande uleule wa lango lako, wakati wageni wa Arusha bado wako mbali nao. Weka nafasi ya malazi mapema, kwa sababu walimu na wazazi wa Kanda ya Ziwa wameanza kuijua hesabu hii. Nguo ziwe za kaki au kijani: ndorobo wa magharibi wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, na kuuma kwao kunapenya hata jinzi.