Kinyozi, Weka Ile ya Esir

Jumamosi flani nilikuwa kwa kinyozi ya cuzo wangu pale Umoja, nangoja zamu yangu. Kwa kiti kuna msee amefungwa shuka shingoni, nusu ya kichwa ishatengenezwa, nusu bado msitu. Mzae mmoja kwa benchi akasema polepole, "Kijana, hebu weka ile ya Esir." Cuzo akajibu, "Sawa mzae, dakika tu," akaweka mashine mezani, akashika fone. Akasaka. Skrini ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya tisa. Akafungua apu moja ya ngoma, akatoka, akaingia ingine. Mashine inanguruma peke yake mezani, msee wa nusu kichwa anajicheki kwa kioo. Mwishowe mzae akasema, "Wacha tu. Weka yoyote."

Hiyo "weka yoyote" iliniuma, maze. Esir, yule rapa, alitutoka Machi 2003 kwa ajali ya barabara, hata hajafikisha miaka 22, na albamu yenye alituachia ni moja tu, Nimefika. Hizo ngoma cuzo anazo. Zilikuwa ndani ya hiyo simu hapo mkononi mwake, na hakuna mtu angezipata.

Jioni akifunga nikamwambia, "Cuzo, leo hatuendi base. Leta hiyo fone na chaja." Tukadishi chapo madondo, tukafunga mlango, tukaanza. Tulimaliza saa sita usiku.

Lazima uelewe hiyo simu inafanya job gani. Kinyozi hana redio siku hizi, fone ndiyo redio. Imeunganishwa na woofa kwa Bluetooth kutoka saa mbili asubuhi. Hiyo hiyo ndiyo inapokea meseji za tili, wateja wanaipigia kuuliza laini ni refu aje, na ndiyo inaonyesha picha za mitindo ya nywele. Kila dakika cuzo anatafuta kitu ndani yake ni dakika kichwa ya mtu imesimama. Na yeye hulipwa kwa kichwa, si kwa saa.

Tukaanza na skrini ya kwanza juu hapo ndipo kidole hutua bila kufikiria. Nilimuuliza, "Hizi ni za nani?" Kulikuwa na apu mbili za kubeti, tatu za kukopesha doo, tochi mbili, gemu ya mtoto wa dadake, na zingine kibao zenye zilijiweka zenyewe akizidaunlodi. Ngoma zilikuwa skrini ya nne. Meseji zilikuwa ya pili, kwa kona ya juu, penye kidole gumba hakifiki bila kuibadilisha simu mkononi.

Cheki hapo. Simu za siku hizi ni kubwa, nyingi zimepita inchi sita, na msee wa kazi hushika simu na mkono moja. Kidole gumba kinatawala chini na katikati tu. Juu kabisa ni ugenini. So ile laini ya chini, yenye haisongi hata uswaipi wapi, ni ploti ya bei ghali kuliko zote kwa simu yako, na watu wengi wameiachia zile apu simu ilikuja nazo. Tuliipanga hivi: simu, meseji, ngoma, kamera. Basi. Meseji ziko hapo juu ya pesa. M-Pesa imekuwa na sisi tangu 2007, lakini bado kuna wajanja wanatuma meseji feki kutoka namba ya kawaida, imeandikwa fiti kabisa, halafu wanaishia na kichwa safi. Meseji ya ukweli hutoka kwa jina MPESA. Cuzo akiweza kuifungua na mguso moja kabla mteja avuke mlango, ameokoa soo mbili zake.

Zile apu za kubeti na za mikopo sikumwambia afute. Yeye ni mtu mzima, na chapaa ni yake. Nilimwomba tu tuzitoe kwa skrini ya kwanza, zikae huko ndani kwa orodha ya apu zote, penye lazima uandike jina ndio uzipate. Kutoa picha ya apu kwa skrini si kuifuta, na wasee wengi hawajui hiyo tofauti, ndio maana wanaogopa kugusa. Pia tukazima kelele zake: unashikilia apu na kidole, unaingia maelezo yake, unazima notifikesheni. Nilikuwa nimecheki siku nzima venye hiyo simu ilikuwa inalia "shinda leo," "kopa saa hii," katikati ya ngoma, kwa woofa, mbele ya watu. Mtu akikuja kwako kila lisaa kukuambia ukope, utamfungulia mlango? Tukazima pia ile setingi inapanda kila apu mpya kwa skrini bila kuuliza. Hiyo ndiyo huzaa skrini tisa.

Kuna wenye hupanga maapu kwa rangi. Kwa picha inakaa poa, lakini WhatsApp ni kijani, Spotify ni kijani, na kwa simu kibao hata ile ya kupiga ni kijani. Ukiziweka laini moja utakuwa unapigia landlodi ukitaka kuweka ngoma.

Na nimemtaja landlodi kwa sababu. Wiki moja kabla, cuzo alikuwa ananyoa, woofa inapiga, simu ikaingia. Akaishika haraka, na sauti ya landlodi ikatokea kwa woofa, kinyozi nzima ikasikia rent ni ya miezi mingapi. Cuzo alinihadithia akiangalia chini. Na dawa yake ni ya sekunde kumi. Enda kwa setingi za Bluetooth, gusa jina la hiyo woofa, utaona swichi mbili: moja ya simu, moja ya muziki. Zima ya simu, acha ya muziki. Kutoka hiyo siku mtu akipiga, sauti inabaki kwa simu. Kama uko na biashara na woofa, fanya hiyo kitu kabla umalize kusoma hii stori.

Sasa ngoma zenyewe. Hapo ndipo usiku uliishia.

Tulipata faili kama elfu moja na kitu. Zimetoka kila mahali: zingine za msee wa movie shop mwenye hukujazia flash, zingine za ile tovuti ya Mdundo, zingine alitumiwa WhatsApp, zingine zilihama kutoka simu yake ya zamani. Majina ndiyo yalikuwa noma. "Track 01" kumi na nne. "AUD" ikifuatwa na tarehe na "WA", hizo ni za WhatsApp. Na katikati ya ngoma, zile za "PTT", yaani voisi noti. Ndio maana mteja anaeza kuwa anaskiza gengetone, ghafla mathe ya mtu anauliza kama gesi ilinunuliwa. Tukaingia setingi za WhatsApp, tukazuia audio na video zisijidaunlodi zenyewe. Voisi noti hazizuiliki hapo, zitaingia tu, so suluhu ni kuambia apu ya ngoma isome folda moja pekee. Tukaunda folda moja kwa memori kadi, tukaiita Ngoma, kila kitu kikahamia hapo.

Na Esir? Tulimpata. Alikuwa mara nne. Kuna "E-Sir", kuna "Esir", kuna "E Sir", na kuna "esir official." Kwa apu, hao ni wasanii wanne tofauti. Hiyo apu haijui mtaa wake wa South C, haijui lebo yake ya Ogopa, inajua herufi tu. Kila faili ya ngoma hubeba kikaratasi ndani: jina la ngoma, msanii, albamu, mwaka. Hicho ndicho apu husoma, si lile jina unaona kwa folda. Ukibadilisha jina la faili nje na ndani kumebaki "Track 01", bado utaona "Track 01". Tulitumia Musicolet, apu ya ngoma yenye haiingii intaneti kabisa, na inakuruhusu kurekebisha hicho kikaratasi. Tukashika moja moja. Esir wote wanne wakawa E-Sir mmoja. Tukafanya hivyo kwa Ukoo Flani, kwa Nonini, kwa Jua Cali, halafu tukafika kwa gengetone, na hapo kuna kazi juu hizo ngoma huimbwa na wasee kadhaa na kila mtu ameandika majina vile anataka. "Lamba Lolo" ya Ethic, ya 2018, ilikuwa mara tatu na msanii ameandikwa jina la DJ. DJ hakuimba hiyo ngoma. Kuandika jina la mwenye aliimba ni heshima ya kwanza, na haikugharimu hata ashu.

Mtu ataniuliza, si uingie tu Spotify? Spotify iliingia Kenya Februari 2021, Boomplay ilikuja mapema, ikianzia ndani ya simu za Tecno, na zote naziheshimu. Lakini piga hesabu ya kinyozi. Spotify kwa kiwango cha kawaida inapiga kilobiti 96 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 43 kwa lisaa. Masaa kumi na mbili ni zaidi ya MB 500 kila siku, siku sita kwa wiki. Na ukizidaunlodi humo ndani ukiwa umelipia, zinabaki zake: usipoingia mtandaoni kwa siku 30, zinajifunga. Ngoma iko kwa kadi yako haiulizi bando iliisha lini. YouTube ndiyo mbaya zaidi kwa job kama hii. Simu imelazwa uso chini kando ya poda na brashi, na wewe unalipia picha hakuna mtu anaona.

Kuhusu nafasi, ngoma ya dakika nne ikiwa kilobiti 320 ni karibu MB 10, ikiwa 128 ni karibu MB 4. Mix ya lisaa limoja kwa 320 inakula MB 144. Cuzo alikuwa na mix moja mara sita. Tulipotoa marudio pekee, ile meseji ya simu kujaa ikapotea.

Pleilisti tulifanya nne tu, na hatukuziita majina ya miziki. Tuliziita vile siku ya kinyozi huenda. "Asubuhi" ni ya wazae na wenye wanaenda job, zilizopendwa na gospel polepole. "Watoi" haina matusi hata moja, juu mamathe huleta watoto wa shule na wanaskiza kila neno. "Wazae wa Genge" ndiyo hiyo ya kina Esir. "Jioni" ni gengetone na arbantone, wasee wakipanga kutoka. Halafu tukaweka wijeti ya ngoma katikati ya skrini ya kwanza, kubwa, ya kuguswa hata na mkono wenye sabuni. Skrini tisa zikawa mbili.

Karibu saa sita tukapata faili imeandikwa "Recording (3)". Nilikuwa nataka kuifuta, cuzo akanishika mkono. "Ngoja." Akaigusa.

Ilikuwa sauti yake. Ya miaka mingi kidogo, bado iko juu, haijakomaa. Anachana juu ya biti inapigwa na simu ingine, mlango unafunguliwa, mathree inapiga honi mara mbili huko nje, na yeye hasimami, anaingiza hiyo honi ndani ya laini yake. Sekunde arobaini na kitu. Ikaisha na kicheko ya msee mwingine. Cuzo alinyamaza, halafu akairudia. Halafu akairudia tena. Akasema, "Nilidhani hii niliipoteza na ile simu ya kwanza." Imekuwa hapo wakati wote, imefinywa kati ya voisi noti na "Track 01", na mimi nilibakisha mguso moja niizike.

Tuliipatia kikaratasi kama ngoma zingine zote. Jina, msanii, mwaka. Kwa albamu akaandika "Umoja". Nikamuuliza inaingia pleilisti gani, akasema haiingii yoyote bado, anataka kwanza aimalize.

Jumanne nilipita. Mzae mwingine alikuwa kwa kiti, na nyuma Esir anapiga, na cuzo hajagusa simu.

Wewe mwenye unasoma hii, ingia kwa folda ya rekodi za simu yako leo usiku. Ile yenye imeandikwa namba tu, iskize hadi mwisho kabla ufute, na kama ni yako, iandikie jina lako.