Tujikinge na Kipupwe, Tusilale na Moto



Kila mwaka, kati ya mwezi Juni na Agosti, mvua zikiwa zimekwisha, wakazi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika huingia katika kipupwe. Mchana jua huwaka, lakini usiku usio na mawingu joto la ardhi hupotea, na ifikapo alfajiri bati na kuta huwa zimepoa. Baridi hii haifikii ile ya Njombe wala Makete, ila kwa mtoto mchanga na mzee yahitaji matayarisho.

Katika Suratun Nahl, aya ya 80 na 81, Allah (S.W.) ametaja nyumba na mavazi ya kujikinga kuwa ni miongoni mwa neema Zake. Basi kuitengeneza nyumba kabla ya baridi ni katika kuishukuru neema hiyo. Nyufa za kuta zizibwe kwa udongo, mablanketi yafuliwe na kuanikwa juani, kitanda kiondolewe penye upepo, na sakafu itandikwe jamvi. Lakini matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta yaachwe wazi.

Hapa ndipo penye hatari. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, hasa kwa mzazi aliye katika arobaini, kisha wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unapoungua kwa hewa haba hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, viungo vikalegea. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu, yasiyotoa moshi, huendelea kuitoa.

Sahaba Amr bin Al-Aas (R.A.), katika safari ya Dhatis Salasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akahofia kuangamia kwa kuoga, akatayamamu na kuswalisha. Alipoulizwa na Mtume (S.A.W.), alitoa hoja ya aya ya 29 ya Suratun Nisaa inayokataza kujiua, na Mtume akacheka wala hakumkemea. Ikiwa sheria imetuhurumia tusiangamizwe na baridi, vipi tujiangamize kwa kile tunachoifukuzia baridi?

Aidha, katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (S.A.W.) akautaja moto kuwa ni adui, akaamrisha uzimwe watu wanapolala.

Kwa hiyo, jiko na libaki uani. Maji ya kutawadhia yachemshwe jioni, yahifadhiwe katika chupa ya chai, na alfajiri yachanganywe na ya baridi. Mzazi na mwanawe waongezewe nguo na blanketi badala ya makaa. Na akikutwa mtu amelegea penye jiko, milango ifunguliwe, atolewe nje upesi na kupelekwa hospitali.

Baba wa nyumba ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Kabla ya kulala leo, na atazame jiko liko wapi.

Wabillahi tawfiq.